Je, anayejiandaa kusomea udaktari aendelee kukimbia, au aweke raba kando?

Binti wa Rau ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na kwa wa rika langu, habari za leo.

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Moshi upande wa Rau, na mwaka huu nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCB. Matokeo yametoka, nami nimepata A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia. Nimeomba nafasi ya shahada ya udaktari wa binadamu na sasa nasubiri majina ya waliochaguliwa. Najua kiwango cha chini kinachotakiwa ni D katika kila moja ya masomo hayo matatu, lakini najua pia kuwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo sihesabu chochote kuwa changu mpaka nikione.

Nakimbia tangu nikiwa kidato cha pili. Kwa sasa nakimbia siku tano kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri, mdogo wangu wa kiume akinifuata kwa baiskeli kwa sababu barabara bado ina giza na mama hataki nitoke peke yangu. Natoka nimejifunga kanga juu ya kaptura mpaka tupite nyumba za majirani, kisha namkabidhi mdogo wangu kanga ile naye anaifunga kwenye usukani. Siku za kawaida tunapita kandokando ya msitu. Siku ya Jumamosi napanda barabara ya kuelekea hospitali ya KCMC na kuendelea juu kadiri pumzi inavyoniruhusu. Mwaka jana nilikimbia kilomita 21 katika mbio za Kilimanjaro, zile zinazopanda kuelekea Mweka, na mpaka leo nakumbuka kila kona ya mlima ule.

Tulipofundishwa somo la mzunguko wa damu nilianza kuweka daftari. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, nahesabu mapigo ya mshipa wa mkononi kwa dakika nzima na kuyaandika. Kwa miezi mingi yalikuwa kati ya 56 na 60. Mwezi Aprili yakapanda ghafla kufikia 72, siku mbili mfululizo, nami sikuhisi ugonjwa wowote; siku ya tatu homa ikanishika na kipimo kikaonyesha malaria. Siwezi kueleza vizuri jinsi jambo lile lilivyonigusa. Niliona kuwa mwili ulikuwa umekwisha kutoa taarifa kabla yangu mwenyewe kujua, na kwamba mtu akisikiliza kwa uangalifu anaweza kuisoma. Tangu hapo, ninapopanda mlima nawaza kuwa moyo uleule unaosukuma kama lita 5 za damu kwa dakika nikiwa nimelala unasukuma zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho wakati huo, na nahisi kama nimefunguliwa kitabu ambacho nimekibeba kifuani muda wote.

Baba haoni hivyo. Anasema mshika mbili moja humponyoka, kwamba udaktari ni miaka 5 ya darasani na wodini na mwaka mzima wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na kwamba ada na mkopo si vitu vya kuchezea. Simlaumu. Ameuza ng'ombe wawili ili nimalize kidato cha sita.

Kuna jambo jingine ambalo limenifanya niandike hapa. Kwa sasa namsaidia shangazi katika duka lake la dawa muhimu. Sitoi dawa, napanga maboksi na kuandika daftari la mauzo. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mwenye shinikizo la damu, akalalamika kuwa amechoka. Bila kuulizwa nikamwambia atembee kwa kasi nusu saa kila siku, kwa sababu mimi najua jinsi mazoezi yanavyoshusha mapigo. Akanitazama kwa upole, akaniambia kuwa anaamka saa kumi usiku kufuata ndizi, anazibeba mpaka sokoni, na magoti yake yanamuuma hata akipanda ngazi tatu. Niliona aibu ambayo haijaisha mpaka leo.

Basi swali langu lina sehemu mbili. Je, mtu anaweza kukimbia kwa bidii na kusomea udaktari bila kimoja kuharibu kingine? Na je, haya ninayojifunza kutoka mwilini mwangu yatanisaidia kuwa daktari, au najidanganya? Niongeze tu kwamba tangu Juni milima imekuwa mizito: kilomita 10 nilizokuwa namaliza kwa dakika 52 sasa nazimaliza kwa 57, na sijui kama ni mawazo ya kusubiri majibu.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba, binti yangu. Nimefundisha Kemia na Baiolojia kwa miaka mingi, na nimewapeleka vijana wengi kwenye vyuo vya udaktari. Nimewapokea pia baadhi yao waliporudi nyumbani kabla ya wakati. Kwa hiyo naomba unisikilize kama mtu anayekutakia heri.

Baba yako amesema jambo ambalo wasomaji wengi wa hapa watataka kulipuuza kwa kuwa linasikika kama la kizamani. Mwaka wa kwanza wa udaktari haufanani na kidato cha sita. Pale shuleni ulikuwa na masomo matatu na miaka miwili ya kuyarudia. Chuoni utapewa anatomia, fiziolojia na biokemia kwa wakati mmoja, kwa lugha yenye maneno mapya maelfu, ukiwa katika mji usiouzoea na bila mama wa kukuwekea chakula. Mtoto wa mkulima akipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, wasiwasi wa mkopo unamwingia, na wasiwasi ule unakula muda kuliko mchezo wowote.

Watu hupenda kumtaja Roger Bannister, Mwingereza aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, tarehe 6 Mei 1954, akiwa mwanafunzi wa udaktari. Ni kweli, alitumia dakika 3 na sekunde 59.4. Lakini wanaomtaja husahau kilichofuata: mwaka uleule aliacha mashindano kabisa, akiwa na miaka 25, akaingia katika kazi ya hospitali na hatimaye akawa bingwa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu. Alijua saa ya kuchagua imefika.

Ushauri wangu ni kuwa utembee, unyooshe viungo, ukimbie kidogo siku za mwisho wa juma kwa afya yako, lakini mashindano uyaweke kando kwa miaka miwili ya kwanza. Ukishasimama imara, utaamua upya.

Mwanafunzi wa Upanga amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa sababu niko mwaka wa nne wa masomo hayo hapa Dar es Salaam na nimekimbia muda wote huo.

Mdogo wangu, nianze na ukweli ambao Mwalimu ameusema: mwaka wa kwanza nilipata sapu ya anatomia. Nyumbani wote walisema ni mbio. Mimi mwenyewe nilipokaa na kupitia ratiba yangu kwa makini, niliona kuwa mbio zilichukua dakika 50 tu, mara nne kwa wiki. Kilichoniangusha ni kwamba, ili nipate dakika hizo bila kupunguza kitu kingine chochote, nilikuwa nazikata kwenye usingizi. Nilisoma mpaka saa nane usiku, nikaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, nikaingia maabara ya anatomia macho yakiwa wazi na akili imelala. Nilikuwa nasoma jina la mshipa mara sita na halikai. Tangu mwaka wa pili nimejiwekea sharti moja: nikilala chini ya saa sita, asubuhi hiyo sikimbii, hata kama hali ya hewa ni nzuri na miguu inataka. Sijapata sapu nyingine.

Kuhusu Bannister, Mwalimu ameeleza mwisho wake vizuri, lakini mimi navutiwa zaidi na asubuhi ya siku ile. Alikwenda kwanza hospitalini kwake London, kisha akapanda treni kwenda Oxford kukimbia jioni. Mazoezi yake ya miaka ile yalikuwa mafupi, mengi aliyaingiza katika saa ya chakula cha mchana kwa kuwa hakuwa na saa nyingine. Wanariadha wa leo wangeyaona kuwa machache mno. Nadhani hilo ndilo linalomfaa binti huyu: kidogo kilichopangwa vizuri, kwa muda ambao masomo yenyewe yamekuachia.

Utakapofika pwani, kama utapangiwa huku, tarajia jambo ambalo Moshi hukulijua. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Wiki za kwanza nilikimbia polepole kuliko nilivyowahi kukimbia, moyo ukienda mbio kama ninapanda mlima, ilhali barabara ni tambarare. Usiogope na usilazimishe. Baada ya kama wiki mbili mwili unazoea kwa sehemu kubwa. Sisi tunatoka kikundi cha watu saba, wasichana watatu miongoni mwao, tunavuka Daraja la Tanzanite na kurudi kabla jua halijapanda. Hakuna anayekimbia peke yake gizani, mwanamume wala mwanamke.

Na kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Anatomia ya mguu niliisoma barabarani. Nilikuwa nikiweka kisigino chini nataja msuli unaofanya kazi, nikijisukuma kwa vidole nataja mwingine, nikifika kwenye daraja nataja mishipa ya fahamu inayoiamuru yote hiyo. Katika mtihani wa marudio nilipoulizwa kuhusu misuli ya tafu, nilijibu huku mguu wangu ukisogea chini ya meza.

Kocha wa Mbulu amejibu:

Mwanangu, wenzangu wamejadili ratiba. Mimi nimesoma mstari wako wa mwisho mara tatu, na naona hapo ndipo swali lako lilipo.

Binti wa miaka 20 anayekimbia siku tano, ambaye muda wake umeongezeka kwa dakika 5 katika kilomita 10, na ambaye alipata malaria Aprili, hapaswi kusema ni mawazo mpaka awe amepima damu. Nenda kituo cha afya ukapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Malaria huharibu chembe nyekundu, hedhi huondoa madini ya chuma kila mwezi, na mbio nazo zina sehemu yake. Nimefundisha wasichana kwa miaka mingi na nimeona hadithi hii ikijirudia: msichana anakuwa mzito milimani, kocha anamwambia ni mvivu, anaongeza mazoezi, anazidi kuzama. Nami niliwahi kumwambia hivyo msichana mmoja mwenye kipaji kikubwa. Alipopimwa, damu yake ilikuwa 8. Najutia maneno yale.

Nikuulize na mengine, nawe huna haja ya kunijibu mbele ya watu. Jijibu mwenyewe, au mwambie mama. Je, unakula kabla au mara tu baada ya kukimbia, au unakaa mpaka saa sita kwa chai tupu? Je, siku zako zinakuja kila mwezi kama kawaida? Je, kuna sehemu moja ya muundi ambayo ukiibonyeza kwa kidole inauma mahali hapohapo? Siku zikipotea kwa miezi kadhaa kwa msichana anayekimbia, hiyo si dalili ya kuwa amekuwa mwanariadha kweli, kama wengine wanavyodanganyana. Ni dalili kuwa chakula hakitoshi kazi anayoifanya, na mifupa yake inaweza kuanza kupata nyufa.

Kula maharage, dagaa, mchicha, na maini yakipatikana. Kula chungwa au embe pamoja navyo, kwa sababu matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi na chai ya maziwa uzisogeze mbali na mlo, kwani majani ya chai huzuia chuma hicho. Usinunue vidonge vya damu kwa kubahatisha, hata kama shangazi ana duka.

Neno moja zaidi. Huku kwetu Mbulu ndiko anakotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia na goti limefungwa bandeji, wa mwisho, watu wengi wakiwa wameshaondoka uwanjani. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini vijana wengi wamejifunza kutoka kwake somo ambalo hakulifundisha, kwamba mwenye maumivu asisimame kamwe. Yeye alikuwa amevaa jezi ya taifa katika mbio za mara moja maishani. Wewe Jumanne asubuhi, kandokando ya msitu, ukiwa na maumivu ya ugoko, simama, funga kanga yako, urudi nyumbani kwa miguu.

Daktari wa Zamu amejibu:

Habari zenu nyote. Mdogo wangu, nafanya kazi katika hospitali ya wilaya, na nimemaliza zamu ya usiku saa chache zilizopita. Kocha ameshaagiza kipimo ambacho ningekiagiza, kwa hiyo sitarudia. Ningependa kujibu sehemu ya pili ya swali lako, ambayo wengine wameipita.

Daftari lako ni kazi nzuri, na napenda ujue kwa nini ni nzuri. Homa huinua mapigo ya moyo. Kwa makadirio tunayoyatumia wodini, kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza karibu mapigo 10 kwa dakika. Lakini 72 ni namba ambayo kila daktari angeiona kuwa salama, kwa kuwa kwa mtu mzima tunakubali kati ya 60 na 100. Ni wewe peke yako uliyejua kuwa 72 ni nyingi kwako, kwa sababu ulikuwa na miezi ya 56 na 58 nyuma yake. Kumfahamu mgonjwa alivyokuwa kabla ya kuugua ni sehemu kubwa ya kazi yetu, na ni sehemu tunayoikosa mara kwa mara, kwa sababu tunamwona mtu kwa mara ya kwanza siku ambayo ameshaumwa.

Sasa nikueleze upande wa pili, ambao nilijifunza kwa gharama. Nilipokuwa mwanafunzi mwaka wa tatu nilikuwa nakimbia kama wewe, na mapigo yangu yalikuwa 50. Siku moja nilitumwa kumpima mzee mmoja mkulima, mwembamba, mwenye misuli iliyokaza, aliyekuja kwa sababu ya kizunguzungu. Mapigo yake yalikuwa 38. Nilimwandikia kwa ujasiri kuwa ni mtu wa kazi nzito na moyo wake ni wa mazoezi. Niliona mwili wangu ndani ya mwili wake. Daktari aliyekuwa akitusimamia aliposoma nilichoandika, hakunigombeza. Alimwomba mzee anyanyuke atembee hatua 20, kisha akaniambia nihesabu tena. Yakawa 38 vilevile. Moyo wa mkimbiaji hupiga polepole ukipumzika, lakini ukiupa kazi hupanda mara moja. Moyo wa mzee yule haukupanda kwa sababu njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini ilikuwa imekatika. Alihitaji rufaa siku ileile, na mimi nilikuwa nimempa sifa.

Ndiyo maana habari ya mama wa ndizi imenigusa kuliko daftari lako. Ulichomwambia si uongo. Kutembea kunasaidia shinikizo la damu. Kosa lilikuwa kwamba ulimpa mwili wako auvae, nao haukumwenea. Mama yule anafanya mazoezi mengi kuliko wewe, yenye mzigo kichwani na usingizi mfupi. Kabla ya kumwambia chochote ilikupasa kumuuliza anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, anakula nini, dawa anameza kila siku au siku anazoumwa tu, na magoti yameanza lini. Hakuna mbio zitakazokufundisha maswali hayo, ila aibu uliyoipata imekwisha kukuanzishia, na mtu asiyeona aibu ile ndiye ninayemhofia zaidi.

Kuhusu kuacha au kuendelea, sioni kuwa Mwalimu na Mwanafunzi wanapingana sana. Miaka miwili ya kwanza ratiba ni ngumu lakini inajulikana, hivyo unaweza kupanga. Ukiingia wodini ratiba si yako tena. Nilipokuwa mtarajali niliacha kukimbia kwa miezi minane, si kwa uamuzi, bali kwa uchovu, nikarudi polepole kwa dakika 15 mpaka nikapata tena pumzi yangu. Mapigo yangu yalikuwa yamepanda kufikia 66. Yalishuka baadaye. Unaweza kuacha na ukarudi. Wanaoogopa kuacha hata wiki moja ndio huumia.

Nina ombi moja. Ukipata nafuu, kwa mwezi mmoja usihesabu mapigo yako peke yako. Hesabu ya watu wa nyumbani, kwa idhini yao, dakika nzima kila mmoja, uandike umri, kazi aliyoifanya kabla ya kupimwa, na jinsi mapigo yanavyofuatana. Usimwambie mtu ana ugonjwa. Hesabu na uandike tu.

Binti wa Rau amejibu:

Shikamooni, na nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mliyonielekeza.

Kocha, ulikuwa sahihi. Nilipimwa siku mbili baada ya kusoma ujumbe wako, na damu ilikuwa 10.6. Nimepewa vidonge vya chuma na tarehe ya kurudi kupima. Maswali yako mengine nimemjibu mama, na mawili kati ya matatu yalikuwa na jibu ambalo hukulitaka. Nimeacha kukimbia kwa sasa, natembea tu na mdogo wangu, na asubuhi nakula mtori kabla ya kutoka. Chai nimeisogeza mpaka saa nne.

Mwalimu, nimemsomea baba ujumbe wako na wa Mwanafunzi, vyote viwili, bila kuruka neno. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba Bannister alikwenda kwanza hospitalini. Nikamwambia ni kweli. Tumekubaliana kuwa sharti la saa sita za usingizi litakuwa sharti langu pia, na kwamba mwaka wa kwanza sitajiandikisha katika mashindano yoyote.

Mama wa ndizi alirudi dukani Jumatatu. Nilimwomba radhi. Alicheka, akasema hakuwa amekasirika, tukazungumza mpaka shangazi akaniita mara mbili. Anameza dawa siku za kuumwa kichwa tu, kwa sababu pakiti moja anataka imfikishe miezi miwili. Nilimweleza shangazi, na shangazi ndiye aliyezungumza naye na kumwelekeza arudi kliniki.

Daktari, haya ndiyo niliyoyahesabu kwa wiki mbili. Mdogo wangu, miaka 14, baada ya kukaa: 78. Mama, miaka 45, akiwa amepumzika: 74. Baba alikataa wiki ya kwanza. Juzi jioni alikuja mwenyewe, akaweka mkono mezani, akatazama pembeni nilipokuwa nahesabu: 70. Bibi, miaka 76, akiwa amekaa kivulini muda mrefu: 96. Lakini kwa bibi sikuweza kuyafuata vizuri. Mengine yanakuja mapema, mengine yanakawia, na mengine ni dhaifu kiasi cha kupotea kidoleni. Nilirudia siku nne, nikapata hivyohivyo. Sijamwambia chochote. Je, nimekosea kuhesabu?

Daktari wa Zamu amejibu:

Sidhani kama umekosea. Umerudia siku nne na umepata kitu kilekile. Siwezi kutaja ugonjwa kutoka hapa, lakini mapigo yasiyo na mpangilio wowote kwa mtu wa umri wake yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu moja ya hali zinazosababisha hivyo huruhusu damu kuganda ndani ya moyo, na bonge likisafiri kwenda kwenye ubongo linaleta kiharusi. Hali hiyo ina dawa. Mpelekeni wiki hii, msisubiri mpaka aumwe. Beba daftari lako na ulikabidhi kwa daktari atakayempokea. Akionyesha dalili yoyote kabla ya hapo, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kupotea, au kifua kubana na pumzi kuwa fupi, mpelekeni saa hiyohiyo bila kusubiri miadi.

Binti wa Rau amejibu:

Nimewaeleza baba na mama usiku huu. Baba ameshaongea na mwenye gari. Tunaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi ili tuwe miongoni mwa wa kwanza kwenye foleni. Bibi ameuliza kama ataruhusiwa kunywa uji kabla ya kipimo, nami nimemwambia kuwa sijui, na kwamba nitauliza.